Kaya Mbili Nilizomchukulia Mtani Wangu

Mtu aliyeongoza msimu ule sikumwandika. Nasema hivi mwanzoni kabisa, asije msomaji akadhani namletea habari za ushujaa. Daftari lilikuwa mikononi mwangu na kalamu ilikuwa yangu, lakini jina lililosomwa mbele ya watu halikuwa lake.

Ilikuwa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ya thelathini, kabla ya vita vya pili vya dunia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya sekondari, nikakaa Shinyanga mjini kwa baba miezi minane nikimsaidia kuuza khanga na chumvi dukani, nikashindwa. Sikuweza kutulia. Mteja akiingia alinikuta mlangoni nimelipa duka mgongo, natazama njia ya stesheni. Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyekuja bara na biashara ya nguo akiwa bado kijana, akamwoa mama yangu, Mmanyema wa Ujiji, na pwani hakurudi tena. Siku moja alinitazama akasema, "Mwanangu, wewe ukikalia kiti, kiti kinashika moto. Nenda unakokwenda." Nikaenda. Mgodini nilipewa ukarani wa mahudhurio. Asubuhi niliandika wanaoshuka shimoni, jioni niliandika wanaopanda.

Huko ndiko nilikoukuta mchezo. Fundi mkuu wa mashine alikuwa Mmarekani mwembamba mwenye shingo nyekundu, na kwao walicheza mchezo wa rungu na mpira uitwao besiboli. Bila mchezo ule hakuweza kuishi. Aliwapa maseremala mninga wakachonga marungu, akashonesha mipira ya ngozi ya ng'ombe, akafyeka uwanja nyuma ya kinu cha kusagia mawe. Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mmoja anatupa mpira, mwingine anaupiga kwa rungu, kisha anakimbia kupitia vituo vitatu, ambavyo kwetu vilikuwa magunia ya mchanga, hadi arudi pale alipoanzia kabla wapinzani hawajamgusa kwa mpira. Akirudi salama, timu yake imepata moja. Pale pa kurudia Mmarekani alipaita kwa neno la kwao lenye maana ya nyumbani. Wasukuma, ambao ndio walikuwa wengi mgodini, wakapaita kaya, kama wanavyouita mji wa mtu. Basi mchezaji akirudi, uwanja mzima ulipiga kelele, "Kaya! Kaya!" Nami niliandika, kaya moja.

Mwaka wa kwanza, kabla sijafika, watu walicheza kujifurahisha tu. Mabwana wa kampuni walipoona kwamba penye mchezo watu hawatoroki kazi, wakakubali wachezaji wateuliwe na walipwe kwa kucheza, kila Jumamosi mchana, kiangazi kizima. Zikapatikana timu tatu: ya shimoni, ya kinuni, na ya wakata magogo. Mmarekani akanichagua mimi kuwa mwandishi.

"Wewe hujui mchezo," aliniambia. "Ni vizuri. Asiyejua hapendelei."

Nilipewa meza na kiti chini ya turubai. Kiti hakikunifaa kitu. Niliandika nikitembea, daftari kiganjani, kutoka gunia la kwanza hadi la tatu na kurudi, vumbi likinipanda hadi magotini.

Mtani wangu alikuwa wa timu ya shimoni, Msukuma aliyekulia upande wa Kagongwa. Alikuwa mfupi, mwenye matege, na alikimbia ameinama kama mtu anayemfukuza ndama aliyeingia shambani kwa jirani. Tulijuana asubuhi yangu ya kwanza mlangoni mwa shimo.

"We karani, kwenu wapi?"

"Shinyanga."

"Shinyanga kwa nani? Kichwa hicho hakikuota Shinyanga."

"Baba yangu Mzaramo."

Akawageukia wenzake waliopanga foleni nyuma yake. "Jamani ngosha! Leo tunaandikwa na nazi!" Kabla sijajibu alikuwa amenivua kofia yangu iliyodariziwa kwa sindano, ameivaa, na ameshuka nayo chini ya ardhi.

Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni mzaha tu. Kwetu ulikuwa sheria. Wazee walisema ulianzia kwenye misafara, Wazaramo na watu wa bara walipobebeana mizigo na kuzikana njiani. Mtani anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe mbele ya watu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unakwenda kukikomboa kwa kuku au kwa tumbaku, mnatukanana, mnacheka, yamekwisha. Hata msibani mtani huingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe chake, na mfiwa mwenyewe hucheka huku machozi yakimtoka. Jioni ile kofia ilirudi imejaa unga wa mawe, nikaikomboa kwa kipande cha tumbaku. Wiki iliyofuata nikaingia kambini kwao nikala chungu kizima cha michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Wasukuma huweza kuvitafuna mwaka mzima, nikamwambia nimemwokoa asife kwa kukosa choo. Alinifukuza na mwiko hadi ofisini. Sikuwahi kuiona bahari maisha yangu yote hadi wakati huo, lakini kwake nilikuwa nazi, na nilifurahi kuwa kitu kwa mtu.

Katikati ya msimu Mmarekani alitangaza kwamba atakayeongoza kwa kaya mpaka mwisho wa kiangazi atatolewa kazi ya chini na kupewa ya juu, kutunza ghala la zana, na hatarudishwa shimoni kamwe. Watu walishangilia. Mtani wangu hakushangilia. Jioni alinifuata barazani kwangu, akachuchumaa, akavunja kijiti vipande vipande.

"Mke wangu yuko kwa baba yake," akasema. "Unajua?"

Sikujua. Nilidhani mke alikuwa Kagongwa kwa mama mkwe wake akilima.

"Mkwe alikuja kumchukua baada ya mavuno. Alisema, mtu anayelala chini ya udongo kila siku ni maiti, na yeye hakumwozesha binti yake kwa maiti. Alisema siku nitakayotoka huko chini nikamchukue. Nisipotoka kabla ya mvua, anarudisha ng'ombe wa mahari."

"Si uache kazi tu?"

"Nina mkataba, nazi wewe. Nikitoroka nakamatwa. Nikikamatwa anarudisha ng'ombe siku hiyo hiyo."

Basi tangu jioni ile nilijua kila hatua ya matege yale ilikuwa inakwenda wapi. Aliyekaribiana naye kwa kaya alikuwa mmoja tu, Mzinza dereva wa lori la kinuni, kijana mrefu mpole, aliyekuwa na kazi ya juu tayari na aliyecheza kwa sababu alipenda kucheza.

Nilitaka kumwambia mtani wangu hesabu yake kila Jumamosi. Hakutaka kuisikia. Aliziba masikio kabisa.

"Usinihesabie! Ng'ombe wakihesabiwa wanakwisha. Wewe andika, funga."

"Utajuaje kama unaongoza?"

"Nitakimbia. Kujua ni kazi yako, ndiyo maana ukasomeshwa."

Sasa nafika kwenye siku yenyewe, ambayo nimeizungukia kwa miaka mingi. Ilikuwa Jumamosi ya joto kali, upepo unapeperusha vumbi la kinuni uwanjani. Mtani wangu alikuwa amekwisha kurudi kaya mara moja. Nilikuwa nikitembea kinyumenyume, macho kwenye daftari, nikajikwaa kwenye gunia la tatu nikaanguka chali, na kidau cha wino kikanimwagikia kwenye kaptula nyeupe, mahali pabaya kuliko pote. Yeye alikuwa anakuja mbio. Aliniruka kama anavyoruka mtu gogo, akafika kaya, akageuka, akanyoosha mikono.

"Jamani! Nazi imeanguka! Na inavuja! Leteni kibao tuikune!"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Mmarekani alicheka hadi akashika magoti. Wake wa makarani wenzangu, ambao asubuhi waliniamkia kwa heshima, walijifunika khanga usoni. Nikainuka. Na hapo ndipo kosa langu lilipoanza, maana nilikasirika, na mtani hakasiriki. Sikutaka watu waione hasira, nikaivika nguo ya utani. Nikapaza sauti:

"Kaya zako mbili za leo nimezichukua! Zangu hizo! Njoo uzikomboe!"

"Chukua!" akajibu kutoka kule. "Kajengee kibanda cha makuti!"

Wakacheka tena. Kwenye mstari wake wa siku ile niliandika sifuri. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari na kuandika kwa herufi ndogo: mbili, za mtani.

Nilidhani atakuja siku ile ile. Nilioga, nikavaa kanzu, nikakaa barazani, nikasimama, nikakaa. Alipita akinitukana, akaenda zake. Kesho yake vilevile. Wiki ile nilizunguka mistari ya vibanda vya kambi yao kila alasiri nikijifanya nina shughuli, na kila aliponiona alikuwa na neno la kunitupia, la nazi, la wino, la kaptula, lakini la kuja kukomboa hakuwa nalo. Nilielewa baadaye sana. Kwake kofia ilikuwa kitu, chungu cha michembe kilikuwa kitu. Kaya aliyokwisha kukimbia mbele ya macho ya watu, mtu angeichukuaje? Nani anaweza kuchukua mbio za jana? Alidhani nimesema maneno. Mimi niliyekaa na vitabu tangu utotoni nilijua kwamba kisichoandikwa hakikutokea, nikadhani na yeye anajua.

Ningeweza kuzirudisha. Mara tatu nilichovya kalamu. Nilijiambia, aje kwanza, hata na yai moja, hata mikono mitupu, aseme tu, "Nirudishie." Nilitaka aniombe. Huo ndio ukweli wake, wala hauna utani ndani yake.

Jumamosi zikapita. Siku mbili kabla ya mchezo wa mwisho Mmarekani alinipeleka mbele ya bwana mkubwa wa kampuni aliyekuwa amekuja kutoka Mwanza. "Huyu," akasema, akinishika bega, "ndiye mtu pekee hapa ambaye hesabu yake siirudii." Bwana mkubwa akaniuliza kama ningependa kazi ya ofisini, Mwanza, karibu na ziwa. Nilihisi miguu inataka kuanza safari pale pale. Miezi sita ilikuwa imetosha mgodini, nilikwisha kuchoka na mlango ule wa shimo na sura zile zile. Nikasema ndiyo.

Kesho yake Mmarekani alilichukua daftari aandae orodha. Lilikaa kwake siku nzima. Nilipita mbele ya mlango wake mara sijui ngapi. Mara moja alinyanyua kichwa akaniuliza, "Kuna kitu?" Nikasema nimekuja kuangalia kama anahitaji wino.

Mchezo wa mwisho sikumbuki timu ipi ilishinda. Namkumbuka mtani wangu akikimbia. Alirudi kaya mara tatu, na ya tatu alijirusha kifudifudi akateleza juu ya tumbo, kidevu kikachunika, mkono umenyooka mbele, akaligusa gunia kabla ya mpira. Alibaki amelala pale akicheka kwenye vumbi. Katika daftari alifikisha thelathini na nane. Mzinza dereva alikuwa na thelathini na tisa.

Mmarekani akapanda juu ya sanduku, daftari mkononi, akasoma. Alianzia chini kwenda juu, na kila jina likapata vigelegele vyake. Mtani wangu alikuwa amesimama mstari wa mbele, damu kidevuni, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayengoja kunyolewa. Lilipotajwa lake kuwa la pili, hakuinua kichwa. Nadhani alingoja litajwe tena.

Mzee mmoja wa timu ya shimoni, mchimbaji aliyekuwa akifunga punje ya mtama kitambaani kila mtani wangu aliporudi kaya, akatoka mbele. "Bwana, za huyu mimi ninazo arobaini. Hizi hapa." Akakunjua kitambaa.

Mmarekani alizitazama punje kwa upole. Akanitazama mimi. "Karani?"

Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema sentensi nzima. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mkononi mwake mwenyewe, asingehitaji hata kulifungua upya, angegeuza tu. Ningesema, nilikosea, nilifanya mzaha na kitabu chako. Angenifukuza, au asingenifukuza. Mwanza ingepotea. Nilisema, "Kitabu ndicho hicho, bwana."

"Kitabu kimesema," wakaitikia watu kadhaa, na mzee akafunga punje zake. Hakuna aliyebisha zaidi. Wengi wao hawakujua kusoma, na kwa sababu hiyo waliliamini daftari kuliko nilivyoliamini mimi.

Watu walipokuwa wakimbeba dereva juu juu, mtani wangu alinijia. Alisimama karibu sana, na kwa mara ya kwanza hakuanza kwa tusi.

"Zile mbili," akasema. "Za siku ya wino. Yalikuwa maneno tu, sivyo?"

"Maneno tu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaniamini. Alinigonga begani kwa ngumi, akasema, "Basi sikukimbia vya kutosha, nazi we," akaenda kuosha kidevu. Jumatatu niliandika jina lake kwenye orodha ya wanaoshuka.

Wiki tatu baadaye nilihamia Mwanza. Nilikuwa nimeanza tu kuzoea ofisi pale mchimbaji mmoja aliyekuja hospitali aliponipa habari. Mvua zilinyesha mapema. Mkwe alituma vijana wawili na ng'ombe wote, pungufu mmoja aliyekufa njiani, wakawakabidhi kwa mama wa mtani wangu. Habari ilimfikia shimoni. Alimaliza mkataba wake bila kucheza tena, akarudi kwao.

Mwanza sikukaa. Nilikwenda Tabora, nikarudi Shinyanga, nikafanya kazi ya karani wa pamba, nikaiacha. Kila nilipoingia mahali nilianza kuangalia mlango. Watu walisema ni damu ya baba yangu msafiri. Niliwaacha waseme. Mwaka wa tatu nilipanda lori la pamba hadi karibu na Kagongwa, nikauliza, nikatembea nusu siku, nikamkuta shambani kwake.

Aliniona kutoka mbali. Akatupa jembe.

"Mayu! Toka nje uone! Nazi imetembea kwa miguu kutoka pwani!"

Mama yake akatoka na kuniangalia, akasema, "Hii imekauka. Haina tui." Tulicheka wote watatu. Nilitukanwa kuhusu tumbo langu, viatu vyangu, na kutooa kwangu. Nilisongewa ugali wa mtama na mlenda, nikaambiwa nile taratibu kwa sababu watu wa pwani hawajui chakula kisichoelea. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mgodini. Mke hakuwepo. Yule aliyechukuliwa na baba yake alikuwa ameolewa upande wa Nzega, ana watoto wawili. Alinieleza hayo kwa ufupi, akatazama kando, akarudi kwenye viatu vyangu.

Ningeweza kula, kulala, na kuondoka nikiwa bado mtani wake. Badala yake, alasiri, tulipokuwa tumekaa kwenye kivuli cha ghala la mtama, nilimwambia. Nilimwambia kaya mbili zile sikuziandika. Nilimwambia kuhusu ukurasa wa mwisho, na Mwanza, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya.

Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu.

"Ziliandikwa," akasema mwisho. "Ukurasa wa mwisho."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo zilikuwepo. Mzee wa mtama hakukosea."

"Hakukosea."

Nilingoja anipige. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo tangu kwenye lori, nilikuwa hata nimeacha saa yangu kwa rafiki. Hakunipiga. Mtani haruhusiwi kukasirika, na yeye alikuwa mtu aliyeishika sheria ile mimi nilipoivunja. Alikunja midomo, akatikisa kichwa, akasema, "Kwa mtani hakuna deni." Kisha akainuka, akajipangusa vumbi, akaita ndani kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mayu, mletee mgeni maji ya kunywa."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa maji yalipokuja kwenye kibuyu kizuri, naye mwenyewe akanipa kwa mikono miwili, ameinama kidogo. "Karibu maji, bwana." Usiku nilitandikiwa ngozi mpya. Asubuhi aliniuliza kama bwana amelala salama. Mama yake, ambaye hakuwa amesikia tuliyozungumza, alianza kunichokoza kuhusu kukoroma kwangu, naye akamkatiza kwa Kisukuma, taratibu, na mama akanyamaza akinitazama kwa mshangao.

Alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mkoba wangu. Nilimwambia auache, akasema si adabu mgeni kubeba mzigo wake. Tulitembea nusu siku bila tusi hata moja. Nilikuwa nikitembea haraka, kisha polepole, kisha haraka tena, na yeye alibadili hatua kila nilipobadili, nyuma yangu kidogo, kama anavyofanya mtu anayemsindikiza mkubwa.

Lori lilipoonekana nilishindwa kuvumilia. Nikamgeukia nikasema, "We mla michembe! Matege yako hayo, nguruwe anapita katikati!" Sauti yangu ilitoka juu mno. Nilisimama nikingoja anirudishie, tusi lolote, hata la mama yangu.

Alinikabidhi mkoba.

"Fika salama, bwana karani," akasema, na akabaki amesimama hadi lori likaondoka, kama inavyotakiwa kwa mgeni.